Mchawi wa Ngazi ya Tano

Watoto wa wenzangu wakitoka Nairobi huleta mkate na sukari. Mpwa wangu alifika Magwagwa na mfuko wa dadu. Moja ina pande 20. Nilipoishika gizani nilidhani ni kokwa ya tunda.

"Mjomba, wewe utakuwa mchawi," akasema.

Nikatazama dirisha. Lilikuwa wazi.

Huku Gusii neno hilo halitamkwi ovyo. Ukiitwa omorogi jioni, asubuhi nyumba yako inaweza kuwa majivu. Oktoba 2021, kule Marani, akina nyanya wanne waliuawa kwa kushukiwa tu. Serikali nayo ina Sheria ya Uchawi tangu 1925: jifanye una nguvu za kutisha watu, ufungwe hadi miaka mitano. Na huyu kijana ananipa cheo, mchawi wa ngazi ya tano! Kila ngazi na mwaka wake.

"Ni mchezo tu, Mjomba. Dungeons & Dragons. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974."

Basi si wangeuacha hukohuko? Lakini stima ilikuwa imepotea na ugali haujaiva, nikakubali shingo upande.

Akaniambia kwamba ngazi ya tano mchawi anajua kurusha mpira wa moto. Unalipuka futi 20 kila upande, unatupa dadu nane, na jumla yake ndiyo madhara. Nikaanza kuvutiwa. Ndipo aliposoma vitu vinavyotakiwa: salfa na mavi ya popo.

"Mavi ya popo?" nikapaza sauti. Dirisha, nakumbusha, lilikuwa wazi.

Tena mipira yenyewe ni miwili tu. Ukiimaliza, ulale na kupumzika masaa manane ndipo uipate yote tena. Huyo ni mchawi gani? Wale tunaosimuliwa huku hukesha kazini, na asubuhi wako kwenye foleni ya kupima majani chai, wamebeba kikapu kama wewe. Huyu wa Marekani akikosa usingizi hana lolote.

Hata hivyo mchezo una utamu wake. Mpira wa kwanza niliutupa vibaya, nikapata tisa kwa dadu zote nane. Adui wakajificha chini ya daraja. Nikasimama, hasira zimenipanda: "Nimebaki na moto mmoja! Nikiurusha pale, hasalimiki hata mtoto!"

Mimi na mama jirani tunatenganishwa na mstari wa migomba tu. Alikuwa akiita kuku wake. Akanyamaza.

Ilikuwa Ijumaa, na Mama watoto jua la Ijumaa likizama hata redio huzima. Akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikaomba nibadilishiwe kazi upesi.

"Kuna mwizi," mpwa akasema.

"Mwizi, hapa Magwagwa? Si afadhali uchawi!"

"Basi kasisi. Anaponya majeruhi."

Mama watoto akauliza kama kasisi huyo anasali Jumamosi. Mpwa akapekua kitabu kizima kwa mwanga wa simu. Hakikusema.

Jumapili alfajiri nikakuta sufuria yangu getini, ile mama jirani aliyoazima tangu Pasaka na kuapa kwamba alishairudisha. Imesuguliwa hadi inang'aa. Ndani yake kulikuwa na mayai sita, na jembe langu, ambalo sikujua hata kama alikuwa nalo, limeegemezwa kando.