Pomadi ni Mgeni: Namna ya Kuipokea, Kuipakulia na Kuisindikiza

Sokoni Baraka, Congo, hatua chache kutoka kwenye mafungu ya ndagala, utakuta meza ambayo tyubu za pomadi zimepangwa juu yake kwa rangi, kama vitenge. Mnunuzi anaonyesha kiwiko, muuzaji anakitazama, anachagua tyubu na kutoa agizo moja: "Paka mpaka iishe." Mjomba wangu alilishika agizo hilo. Alipaka mpaka ikaisha, akanunua nyingine, nayo akaimaliza. Mabaka ya magotini yalilainika kweli. Lakini alipaka na kwapani, na huko ngozi ikawa nyembamba kama karatasi ya sigara, ikatoka michirizi ambayo hadi leo haijaondoka.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila mtu wa Baraka, wa Fizi kule mlimani na wa vijiji vya Ubwari mwenye soriasisi mwilini na tyubu chini ya mto. Kanuni yake ni moja, na mtoto yeyote aliyelelewa kando ya Ziwa Tanganyika anaijua: pomadi kali ni mgeni. Mgeni hupewa kiti, hupakuliwa chakula, na siku yake ikifika husindikizwa. Balaa huanza anapokabidhiwa funguo za nyumba.

1. Mjue kwanza anayeishi ndani

Kabla ya kumkaribisha mgeni, mjue mwenyeji. Ngozi ya kawaida hujibadilisha polepole, karibu mwezi mzima tangu chembe izaliwe chini hadi ipukutike juu. Kwa mwenye soriasisi, kinga ya mwili hupiga mbiu ya vita bila adui, na safari hiyo ya mwezi hukimbizwa kwa siku chache tu. Chembe hurundikana zikawa mabaka mazito yenye magamba meupe: viwikoni, magotini, kiunoni kwa nyuma, kichwani. Vitabu vya Ulaya vinasema mabaka hayo ni mekundu. Kwenye ngozi nyeusi tafuta rangi ya zambarau, kijivu au weusi uliokolea, kwa sababu wekundu hujificha.

Soriasisi haiambukizi. Haitoki kwa jirani wala kwa mchawi. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linalosema wazi kwamba ugonjwa huu ni wa kudumu, unauma, hauambukizi, na bado hauna tiba ya kuumaliza. Hautoki, lakini unatulizwa, na wengi hukaa miezi mingi ngozi ikiwa imepoa.

Shida ni kwamba unafanana na wengine. Baka ambalo ukiligusa kwa pamba hulisikii linaweza kuwa ukoma, na dawa ya ukoma hutolewa bure. Muwasho unaozidi usiku na kuwakumba watu wote wa nyumba huenda ni upele. Duara lenye kingo zilizoinuka na katikati safi huenda ni choa, na choa kikipakwa pomadi ya soriasisi hunyamaza kidogo, halafu husambaa kimyakimya. Kwa hiyo safari ya kwanza ni ya kituo cha afya. Muuguzi aione ngozi yako mchana, kwenye mwanga, kabla pesa yako haijafika kwenye ile meza ya sokoni.

2. Mwombe mgeni kadi

Congo, mtu akifika ugenini huulizwa kadi ya mpiga kura. Tyubu nayo ina kadi yake. Jina kubwa la kupendeza juu ya boksi ni la biashara. Jina la dawa yenyewe limeandikwa kwa herufi ndogo chini yake. Ukisoma hydrocortisone, umepata mgeni mpole. Betamethasone ana nguvu. Clobetasol ni katika wenye nguvu kuliko wote. Hawa watatu ni ukoo mmoja, steroidi, na kazi yao ni kuizima ile mbiu ya vita ndani ya ngozi. Calcipotriol ni wa ukoo mwingine, jamaa wa vitamini D. Huipunguzia ngozi mwendo bila kuikondesha.

Ukikuta majina matatu kwenye tyubu moja, la steroidi, la dawa ya fangasi na la dawa ya bakteria, uliza nani kati yao amealikwa. Soriasisi si fangasi.

Kisha kuna jambo linalonikera na sitalificha. Clobetasol ileile inayotuliza goti huuzwa pia kama mafuta ya kung'arisha uso. Neno mkorogo, la vipodozi vya kung'arisha ngozi, linajulikana pande zote mbili za ziwa, na wengi wetu tuliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tulilisikia huko Kigoma, Tanzania, kabla ya kurudi nyumbani. Mama anayeipaka usoni kila asubuhi ili awe mweupe na mjomba anayeipaka gotini wanashika dawa moja. Tofauti ni mahali, kipimo na siku, na tofauti hiyo ndiyo inayogawa tiba na kidonda.

Tyubu isiyo na jina la dawa, iliyopita tarehe yake, au iliyochomwa na jua la sokoni tangu asubuhi haina kadi. Asiye na kadi halali kwako.

3. Mwonyeshe kiti chake

Pomadi kali hukaa kwenye ngozi nene: kiwiko, goti, mgongo, muundi. Usoni, kwapani, kinenani na chini ya matiti ngozi ni nyepesi na hunywa dawa haraka, hivyo huko haingii isipokuwa daktari ameagiza, na akiagiza kwa kawaida huchagua iliyo pole. Karibu na macho isikaribie kabisa, kwa kuwa steroidi inayoingia jichoni kwa muda mrefu inaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

Usiifunike kwa nailoni ukidhani itafanya kazi zaidi. Itafanya kweli, na ziada hiyo huingia kwenye damu. Mtoto mdogo na mama mjamzito wasipakwe kwa kukisia, muulize kwanza mhudumu wa afya.

4. Mpakulie kwa kidole

Mwaka 1991 madaktari wawili wa ngozi wa Wales, Long na Finlay, walieleza kipimo kisichohitaji mizani. Kamua pomadi juu ya ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia mkunjo wa kwanza hadi mwisho wa kidole. Hicho ni "kidole" kimoja, karibu nusu gramu, na kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake.

Hesabu basi kama unavyohesabu makopo ya unga. Baka la kiganja kimoja, nusu kidole. Mkono mzima kutoka begani hadi kifundo, vidole vitatu. Mguu mzima bila wayo, vidole sita. Clobetasol haipaswi kuzidi gramu 50 kwa wiki, yaani vidole mia, na kama unakaribia huko, soriasisi yako imekuwa kubwa kuliko tyubu na inamhitaji daktari. Calcipotriol kwa mtu mzima mwisho wake ni gramu 100 kwa wiki.

Paka safu nyembamba juu ya baka peke yake, fuata njia ya vinyweleo, kisha nawa mikono, ila kama mikono ndiyo inayotibiwa.

5. Tandika nyumba kabla hajafika

Oga kwa maji ya uvuguvugu. Magamba usiyasugue kwa jiwe, hata yakikuudhi. Mwaka 1872 daktari Mjerumani, Heinrich Koebner, alieleza jambo ambalo wagonjwa wengi wamelionja: ngozi yenye soriasisi ikikwaruzwa, baka jipya linaweza kuota palepale penye mkwaruzo. Yalainishe kwa vaselini, kila siku, hata siku ambazo huna dawa nyingine. Vaselini ndiyo mkeka, na mgeni hakalishwi sakafuni. Acha kama nusu saa kati yake na pomadi ya dawa.

Pomadi yenye asidi ya salisiliki husaidia kuyabandua magamba mazito, lakini usiichanganye na calcipotriol, kwa kuwa huiharibu. Wageni hao wawili hawakai mkeka mmoja.

Sasa moto. Mafuta ya kulainisha ngozi yakilowa kwenye shuka au kitenge, nguo hiyo hushika moto upesi na kuwaka kwa ukali, na kufua hakuyamalizi yote. Ukishajipaka, kaa mbali na mbabula, mshumaa na sigara, na nguo za kulalia zibadilishe mara kwa mara. Jikoni aingie mwingine kwa saa hiyo.

6. Hesabu siku, kisha mpe jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Clobetasol tumwongezee ukarimu: wiki mbili mfululizo, kisha ngozi ionwe tena na mhudumu wa afya. Chora alama ukutani kwa mkaa kila siku unapopaka. Alama ya kumi na nne ikifika, rudi kituoni.

Baka likilainika, mhudumu anaweza kukushusha hadi mara mbili kwa wiki, au kukuhamishia kwenye dawa pole. Hilo ndilo jembe: mgeni anafanya kazi kwa siku maalumu na hakai sebuleni. Ukimfukuza ghafla baada ya miezi ya kupaka kila siku, soriasisi inaweza kurudi kwa hasira kuliko ilivyokuwa.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye ndugu zake wa kumeza na kuchomwa. Vidonge vya dexamethasone, ambavyo wengine hunywa ili wanenepe, vinaweza kuisafisha ngozi kwa siku chache. Vikikatwa, mwili mzima unaweza kuwaka na kujaa vipele vya usaha. Ukiona ngozi karibu yote imekuwa ya moto, inapukutika, ina usaha, na homa juu yake, usingoje gari la kesho. Tafuta motari sasa hivi uende hospitali.

7. Angalia nani mwingine yumo nyumbani

Kuna mambo yanayoichochea soriasisi hata pomadi ikipakwa vizuri: sigara, pombe nyingi ya lotoko, koo lenye usaha, mawazo mazito ya mtu aliyekimbia nyumba yake mara tatu. Dawa za presha za kundi la beta-bloka zaweza kuichochea, na chloroquine pia, hivyo mtaje daktari kila kidonge unachomeza. Ikitokea ghafla na kwa nguvu nyingi, pima virusi vya ukimwi, maana vinaweza kuiamsha, na vina dawa. Viungo vikivimba na kukakamaa asubuhi, sema, kwa sababu soriasisi hula maungio pia, na pomadi haifiki huko.

Daktari wa ngozi ni adimu kwetu. Ndiyo maana nakithamini kile chuo cha Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, ambacho tangu miaka ya 1990 kinafundisha wahudumu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Natamani mmoja wao apande boti kutoka Kigoma aje kufungua meza yake Baraka, karibu na ile ya tyubu.

8. Neno kwa jirani

Mjomba aliumizwa na kitu kizito kuliko michirizi. Kwenye msiba mmoja aliwekewa sahani yake peke yake, pembeni, na hakuna aliyesema neno. Usiku huo ndipo alipoanza kupaka kwapani, shingoni, kila mahali, akitaka asubuhi aamke mtu mwingine.

Hakuna tyubu inayotibu hilo. Dawa yake unayo wewe uliyeketi naye mkekani. Mkono wenye magamba ukinyooshwa kuelekea bugali na ndagala, isogeze sahani katikati, umege na wewe.