Mwongozo wa Mtu wa Dar Anayetafuta Nyumba Shamba

Mtu wa Dar es Salaam akishakaa sana kwenye foleni ya Kimara huanza kuota baraza, mwembe, kuku wanaochakura uani na hewa isiyo na moshi wa bodaboda. Ndoto hiyo ni halali, na Mkoa wa Pwani unayo nafasi ya kuitimiza, kuanzia Kisarawe na Mkuranga hadi Mlandizi, Chalinze na Bagamoyo. Lakini imewamalizia wengi akiba yao kwa sababu walitafuta nyumba kwa macho tu. Nyumba ya shamba hutafutwa kwa miguu, kwa ulimi na kwa masikio, na kanuni zake ni hizi.

1. Nenda na mvua. Kiangazi hupendezesha kila kijiji, kwa hiyo nenda Aprili, masika yamekolea. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi gari litazama hadi bampa, na uwanja wa mpira ulioonyeshwa Septemba utakuta vyura ndio wanaocheza. Ukielekea mabonde ya Mto Ruvu, ambao hufurika, kaza jicho zaidi. Waulize wenyeji maji yaliwahi kufika wapi, nao watakuonyesha alama ukutani.

2. Pima mwenyewe dakika za dalali. Dalali ni mtu wa lazima na ujira wake ni haki yake, ila dakika zake ni ndefu. "Dakika tano kutoka lami" ni za bodaboda, wakati wa kiangazi, na dereva ni mzaliwa wa hapo. Itembee njia hiyo kwa miguu, umebeba mfuko wa unga. Akisema umeme upo, hesabu nguzo zinazokosekana kutoka ile ya mwisho hadi mlangoni. Akisema maji yapo, nenda kisimani alfajiri, tazama foleni ya ndoo, kisha uonje, maana visima vingi vya ukanda huu hutoa maji ya chumvi. Kama bado una kazi mjini, tafuta karibu na stesheni ya Soga au Ruvu. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, haijui foleni ya Kimara.

3. Liache gari kubwa mjini. Bei ya shamba hutajwa baada ya gari kuonekana. Panda daladala, vaa ndala, amkia wazee kwa shikamoo iliyokamilika, kaa mkekani ukikaribishwa. Mambo muhimu kuhusu nyumba ile utayasikia hapo mkekani: nani aliijenga, kwa nini inauzwa, na kwa nini mnunuzi wa kwanza alitoweka.

4. Uliza mti ni wa nani. Hapa wageni wengi huumia. Katika pwani yetu, ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na mnazi au mkorosho uliosimama juu yake ukawa wa mwingine. Unanunua eneo, msimu wa korosho unafika, na bibi mmoja anaingia na kikapu chake bila hodi, naye ana haki. Zunguka mipaka pamoja na majirani wa pande zote nne. Minyaa na mikonge iliyopandwa mpakani ina mashahidi wake, nao ni hao majirani.

5. Nunua hadharani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, nayo haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Mgeni anayeuziwa na mwanakijiji naye anahitaji kibali cha halmashauri hiyo. Kwa hiyo karatasi iliyosainiwa chini ya mwembe, ikishuhudiwa na dalali na shemeji yake, haikulindi. Dai pia kumwona mke au mume wa muuzaji, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza nyumba ya wanandoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Kama mali ni ya urithi, omba barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Kaka mkubwa hawi msimamizi kwa sababu tu ana sauti nene.

6. Panga kabla ya kununua. Chukua chumba kijijini hapo, ukae masika yote. Kama jogoo wa saa kumi alfajiri anakukera, baki Sinza. Jogoo ana haki ya ukaazi kabla yako. Kama ngoma ya harusi ya jirani inakufanya utafute mwenyekiti, baki Sinza. Lakini ukijikuta unachota maji ya msibani na kuketi na wenzako kwenye sinia la ubwabwa, nenda kwa mtendaji wa kijiji ukaulize utaratibu. Siku mpaka wako utakapobishaniwa, baraza la ardhi la kijiji litawaita watu hao hao kueleza wanachokijua. Wape sababu ya kukujua mapema, kwa wema, kabla hujaweka tofali la kwanza.