Graniti na Mikono Yenye Bidii

Graniti ni jiwe lililotokana na uji wa moto uliopoa polepole chini ya ardhi, ukaacha punje za kwazi, felspa na maika zilizoshikana barabara. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kwazi hufika 7 na felspa 6, ilhali kisu cha kawaida cha jikoni huishia karibu na 5 na nusu. Kwa hesabu hiyo jiwe hili halina la kuogopa jikoni. Hata hivyo, katika nyumba za Kiriri, Rohero na Kinindo, mitaa ya Bujumbura, ambako kaunta ya graniti ni tangazo kwamba mwenye nyumba mambo yake yamenyooka, kaunta huweza kufifia kabla deni la fundi halijaisha. Mapishi hayana hatia kubwa katika hilo. Kinachoimaliza ni usafi.

Balaa huanzia kwenye sufuria. Sufuria iliyounguza maharage husuguliwa kwa majivu au mchanga mpaka mtu ajione uso, na aliyelelewa hivyo haoni kwa nini jiwe libaguliwe. Lakini punje nyingi za mchanga ni kwazi vilevile, yaani jamaa wa graniti kwa ugumu, na ndugu wakikwaruzana hakuna anayetoka salama. Msichana wa kazi mwenye bidii husugua asubuhi nzima, na jioni mwenye nyumba anaporudi jua la kuelekea ziwani linapita dirishani na kuonyesha miduara midogo midogo kaunta nzima.

“Mama, leo nimeisugua kweli kweli!”

“Nimeona, mwanangu.”

Hapo hakuna la kuongeza. Mng'aro wa graniti si rangi iliyopakwa juu. Ni uso wa jiwe lenyewe uliolainishwa kwa mashine kiwandani, na ukishakwaruzwa haurudi kwa sabuni. Nyaya za chuma za kusugulia nazo ni hivyo hivyo, tena huacha vipande vyake vinavyoota kutu pembeni mwa sinki.

Waliosoma hawatumii mchanga, wao hutumia javeli. Javeli huua vijidudu, na pia hula taratibu dawa iliyopakwa kuziba vitundu vya jiwe. Mbaya zaidi ni fundi wa mambo yote anayeamua kuichanganya na siki ili “ipate nguvu”. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho na mapafu na inaweza kudhuru vibaya. Hapo pasiwe na mzaha: watu watoke nje, madirisha yafunguliwe.

Adui mwenye asili ya hapa ni mawese. Bidoni ikifika kutoka Rumonge, huwekwa juu ya kaunta kwa heshima zote, na hakuna anayekumbuka kufuta kitako chake. Graniti ina vitundu visivyoonekana kwa macho, na mafuta hayana haraka. Asubuhi bidoni inapoinuliwa, inaacha duara la rangi ya machungwa, duara kamili ambalo hata mwalimu wa hesabu asingelichora vizuri vile. Kufuta juu juu hakusaidii kitu, kwa sababu doa limekwisha kuingia ndani. Inabidi livutwe litoke. Bikaboneti ya soda hukorogwa na maji kidogo mpaka iwe nzito, ikapakwa juu ya doa, ikafunikwa kwa karatasi ya nailoni na kuachwa usiku kucha. Inapokauka hunyonya mafuta. Doa la siku nyingi hutaka zoezi hilo lirudiwe, na katika usiku huo wote lazima apatikane mtu wa kumzuia mama mkwe asifunue kuchungulia.

Maji nayo yana lake. Maji mengi ya bomba ya Bujumbura hutoka Ziwa Tanganyika, ambalo lina madini mengi yaliyoyeyuka, hasa magnesi. Matone yakikaukia karibu na bomba huacha ukoko mweupe. Wengi hukimbilia ndimu. Graniti halisi huvumilia ndimu kwa muda mfupi, ila dawa ya juu yake huchoka mapema. Kukausha kwa kitambaa baada ya kuosha vyombo ni kazi ya nusu dakika, na labda ndiyo sababu hakuna anayeifanya. Ndimu ina faida moja: tone lake likiwekwa mahali pa kificho na jiwe likatoa povu dogo au likafifia, basi fundi aliuza marumaru kwa jina la graniti.

Mstari wa kijivu unaoonekana baada ya samaki wa mukeke kukatiwa moja kwa moja juu ya kaunta huzua kesi nyumbani, lakini jiwe halijakatwa. Ni chuma cha kisu kilichobaki pale. Aliyeumia ni kisu, na kibao cha kukatia kilikuwa ukutani muda wote huo.

Umeme ukikatika, sufuria hutolewa kwenye mbabula uani na kutuliwa kwenye kaunta na masizi yake. Joto lenyewe jiwe linalijua tangu kuzaliwa, ila sehemu moja ikipata moto ghafla na jirani yake ikabaki baridi, ufa unaweza kutokea. Mahali dhaifu kuliko pote ni ule ukanda mwembamba mbele ya sinki. Bamba la sentimita 2 lina uzito wa kilo 54 hivi kwa mita ya mraba, na likivunjwa na shemeji aliyepanda kubadilisha balbu, fundi ataliunga kwa gundi na mstari utaonekana daima.

Dawa ya kuziba vitundu hupimwa kwa maji: matone yakiachwa robo saa na jiwe likageuka jeusi chini yake, wakati wa kupaka upya umefika. Hupakwa kidogo na ziada kufutwa kabla haijakauka. Anayeipaka kwa ukarimu hupata kaunta inayonasa unga wa chapati. Bibi anaweza kuuliza mbona jiwe la Mugere, kusini mwa mji, walipolala Livingstone na Stanley Novemba 1871, halijawahi kupakwa chochote. Ni kweli, lakini hakuna anayetarajia jiwe lile liakisi taa ya dari.

Kwa kila siku, sabuni laini ya vyombo, maji ya uvuguvugu na kitambaa vinatosha. Kaunta iliyokwisha kufifia ni kazi ya fundi mwenye mashine na pedi za almasi, na bei yake hujadiliwa kabla hajaiwasha.