Sifa za Tume Iliyoomba Kuachwa Kando

Malenga wetu wamekwisha kuwasifu majemadari, majahazi, minazi na wapenzi wao, na wengine hata tembo la mnazi. Walakini sijapata kumsikia hata mmoja aliyeisifu idara ya serikali iendayo kwa watunga sheria, kwa adabu na unyenyekevu, kuwasihi kwamba sheria wanayoitunga iwe ya watu wote isipokuwa yenyewe. Dhulma hii ya kalamu nataka kuiondoa, na mfano nauchukua Marekani, ambako sanaa hiyo imefikia daraja ya ukamilifu.

Mwaka 1986 Bunge la nchi ile lilitunga sheria ya kuhifadhi faragha ya mawasiliano ya elektroniki. Zama zile nafasi ya kuweka maandishi katika mashine ilikuwa ghali, na aliyepata barua pepe aliisoma akaiondoa. Kwa hiyo ikaonekana kwamba barua iliyokaa kwa mchukuzi, yaani kampuni iipelekayo na kuihifadhi, zaidi ya siku 180 ni kitu kilichotelekezwa na mwenyewe, na ofisa wa serikali aweza kumwandikia mchukuzi hati ya kuidai, pasipo kumbughudhi jaji yeyote. Siku hizi watu huacha humo maisha yao mazima: majibu ya hospitali, ugomvi wa ndugu juu ya shamba la marehemu, posa iliyokataliwa kwa maneno matamu. Posa hiyo ni siri mpaka siku ya 180. Siku ya pili yake imekuwa takataka ya halali.

Desemba 2010 mahakama moja ya rufani iliyokaa Cincinnati iliona vingine. Mrufani alikuwa Steven Warshak, muuza vidonge vya nguvu za kiume, kwani mtetezi wa haki hachaguliwi kwa utawa wake. Na majaji wakahukumu kwamba kuzichukua barua zake zipatazo 27,000 bila ya hati ya upekuzi ya jaji kulivunja Katiba, ingawa zilibakia kuwa ushahidi kwa kuwa maofisa waliitegemea sheria kwa nia njema. Ndipo ulipotiliwa nguvu muswada wa kulifanya jambo hilo kuwa kanuni kwa wote: atakaye barua ya mtu, ya jana au ya mwaka juzi, aende kwa jaji.

Sasa na aingie mamduhu wangu. Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa, iliyoundwa mwaka 1934 baada ya soko la New York kuanguka na kuwaacha watu mikono mitupu, huwaandama walaghai wa hisa kwa madai, si kwa jinai. Na hati ya upekuzi, kwa desturi ya kule, ni ya jinai tu. Tarehe 24 Aprili 2013 Mwenyekiti wake, Mary Jo White, aliyekuwa hajatimiza mwezi kitini, na ambaye hapo kabla alikuwa mwendesha mashtaka wa miaka mingi, alimwandikia Seneta Patrick Leahy, mmoja wa walioutetea muswada, kuonya kwamba muswada ule ungeifunga Tume mikono. Hoja yake ina uzito wala siifanyii mzaha: mlaghai aliyekwisha kufuta barua zake hatazileta kwa kuombwa, na mchukuzi ndiye aliyebaki na nakala. Nisifuyo mimi ni ile hisani ya kuutakia muswada heri na kuomba, katika pumzi ile ile, usimguse muombaji.

Fadhila iliyo kubwa kuliko zote ilidhihirika Septemba 2015, mkuu wa utekelezaji wa Tume, Andrew Ceresney, alipofika mbele ya kamati ya Seneti. Ilikubaliwa hapo kwamba tangu hukumu ya Warshak Tume haikumwandikia mchukuzi yeyote hati ya kudai yaliyomo katika barua za mtu. Ilijizuia, kwa kuyaheshimu mazungumzo yanayoendelea Bungeni. Wengi hutetea wanachokitumia, na hiyo ni tamaa ya kawaida. Lakini kumlilia jirani kinu kwa miaka kadha, ilhali nyumbani hakuna nafaka ya kutwanga, hayo ni mapenzi yasiyochanganyika na manufaa.

Mahasidi watalitaja jina la Bernard Madoff, mlaghai mkubwa wa fedha za wawekezaji. Watasema kwamba mchambuzi wa fedha Harry Markopolos aliiletea Tume malalamiko tangu mwaka 2000, na kwamba mwaka 2005 aliipelekea waraka ambao anwani yake peke yake ilitangaza kwamba mfuko mkubwa kuliko yote ya namna yake duniani ni ulaghai. Na Madoff akaendelea na shughuli zake mpaka Desemba 2008, alipoungama mwenyewe. Nawajibu kwamba hawajui tabia ya wasomaji wateule. Waraka uliofungwa vizuri, ukaletwa mlangoni na mwandishi anayetaka usomwe, una utamu gani? Barua ya thamani ni ile iliyoandikiwa mwingine.

Tarehe 27 Aprili 2016 Baraza la Wawakilishi, ambalo hata juu ya jua kuchomoza lingegawanyika, liliupitisha muswada kwa kura 419 bila ya hata moja ya kupinga. Katika Seneti wakatokea na wengine wenye haja zao, wakitaka muswada wa kuwazuia maofisa uwaongezee maofisa nguvu, na wenyewe waliouleta wakauondoa. Februari 2017 Wawakilishi waliupitisha tena. Seneti haikuufikisha popote, na zile siku 180 zikasalia kitabuni kama zilivyoandikwa. Hivyo Tume haikupewa kamwe ile ruhusa ya kuachwa kando iliyoiomba kwa taadhima, kwani hapakuwapo tena sheria ya kuachwa kando yake.