Sukari ya Kadogo

Katika duka la dawa la mtaani kwetu, hapa Mombasa, hupewi insulini kabla ya kuhojiwa. Mgonjwa ana umri gani? Miaka tisa. Uzito? Kilo saba. Binti wa kaunta aliweka kalamu chini, akaniuliza huyo mtoto ninamlisha nini. Nilipomweleza kwamba mgonjwa ana mkia, foleni nzima ikageuka baraza. Mzee mmoja alitaka kujua kama paka naye ana kadi ya bima.

Mgonjwa anaitwa Kadogo, jina alilopewa kabla hatujajua atakavyofumka. Ni dume aliyehasiwa, mnene, na kazi yake ni kulala juu ya friji. Paka wa sampuli hiyo ndio hasa wanaopatwa na kisukari. Alianza kwa kunywa maji kama ngamia, na boksi lake la mchanga likawa tope. Linaloniuma ni kwamba paka haonji utamu. Jeni inayohitajika ili ulimi wake uitambue sukari haifanyi kazi. Wanasayansi walilieleza hilo mwaka 2005. Yaani Kadogo ameugua sukari bila kuifaidi hata siku moja. Mjomba, ambaye naye ana kisukari lakini yeye aliifaidi ipasavyo, alisikiliza habari hiyo kwa huruma, akaongeza kijiko kwenye chai yake.

Daktari wa mifugo alituanzishia yuniti moja kila baada ya saa 12. Kwa insulini hii ya binadamu, yuniti moja ni sehemu ya mia ya mililita, kitone cha kutafutwa kwa miwani. Tukapanga saa kumi na mbili alfajiri na saa kumi na mbili jioni. Sasa jioni saa kumi na mbili ndipo wageni wanapobisha hodi na shughuli za watu zinapokolea. Niliwahi kuaga harusini nikisema nawahi sindano, nikasindikizwa na dua ndefu ya kuombewa shifaa. Niliitikia amina. Ningeanzia wapi kueleza?

Kuchoma kwenyewe si kazi, mradi sahani iko mbele yake. Kwanza ale, maana akichomwa na tumbo tupu sukari inaweza kuporomoka. Mjomba hushika, mimi huinua ngozi ya ubavuni na kupenyeza sindano. Jioni moja Kadogo alijipinda, sindano ikaingilia upande huu wa ngozi na kutokea upande wa pili. Dawa imeingia au haikuingia? Mjomba akataka turudie. Nikamkatalia: ukiwa na shaka hurudii, kwa sababu sukari kupanda nusu siku paka huivumilia, ila ikishuka mno inaweza kumuua usiku huohuo. Basi Mjomba akainama kunusa manyoya, kwani insulini ina harufu kali ya dawa ya vidonda. "Imemwagika yote, mpwa wangu," akatangaza. Kadogo akamkwaruza pua.

Kwa dharura hiyo ya kushuka tuliambiwa tuweke asali karibu, ya kumpaka kwenye fizi akianza kupepesuka. Mjomba alijitolea kuilinda chupa. Kadogo hajapepesuka hata mara moja. Asali imekwisha.

Kupima tunapima nyumbani, kwa tone la damu la ncha ya sikio, maana kwa daktari hofu peke yake humpandisha paka sukari, sembuse akutane na mbwa mlangoni. Mjomba akaona asipitwe, akawa anajipima sambamba naye. Baada ya wiki kadhaa aliacha. Alidai kipimo kina upendeleo.

Wali wa nazi ulipigwa marufuku, yakaja makopo ya nyama yenye wanga kidogo, bei yake ikiwashinda changu wa mboga ya nyumba nzima. Mama aliliita kopo "mahari". Lakini kuna paka ambao, wakiwahiwa kwa dawa na chakula cha namna hiyo, hufika mahali wakaishi bila sindano, ingawa ugonjwa unaweza kurudi. Namba za Kadogo zikawa zinateremka, daktari akapunguza dozi, hatimaye akaisimamisha, akasisitiza tuendelee kupima na tusilegeze chakula.

Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama makopo hayo huuzwa kwa jumla, na kwa mtu mzima yapi yanafaa zaidi, ya kuku au ya samaki.