Kimya cha Kamina Kisihesabiwe Kuwa Ndiyo

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Denis Kadima Kazadi, Prezidenti wa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi (CENI), Kinshasa

Baba Mheshimiwa,

Kwetu Buluba, nchi ya Waluba, mtu akimwendea mkubwa hupiga makofi kwanza, kisha hungoja aruhusiwe kusema. Naomba uyapokee makofi yangu katika mistari hii, pamoja na radhi zangu: kwa muda wako ninaouchukua, kwa Kiswahili changu cha Katanga, na kwa neno lolote litakalokukaa vibaya. Wewe uliyeshughulikia chaguzi za nchi nyingi za Afrika kabla ya kukabidhiwa CENI mwezi wa Oktoba 2021 huna la kujifunza uchaguzi kwa mstaafu wa reli wa Kamina. Nimekuja kuomba tu, na ombi langu ni kuhusu watu wasioonekana katika hesabu zako.

Mwaka 2006 waliopiga kura nchini walikuwa yapata asilimia 70. Mwaka 2011 walishuka chini ya 60, mwaka 2018 chini ya 48, na Desemba 2023 wakabaki kama 43. Kwa heshima yote, Mheshimiwa, naogopa kwamba huko Kinshasa mtu anaweza kusoma namba hizo akasema: watu wa mikoani wamechoka na siasa, au wameridhika. Naishi nao. Hawajachoka na hawajaridhika.

Keti nusu saa karibu na stesheni ya kampuni ya reli, SNCC, pale njia za Lubumbashi, Kananga na Kalemie zinapokutana. Wanaongojea treni, na hapa kungoja treni ni kungoja kweli, hawazungumzi jingine ila siasa. Huyu ni wa Rais Tshisekedi, yule ni wa mpinzani Moïse Katumbi, mzee wa pembeni bado anamtaja rais wa zamani, Joseph Kabila. Watabishana mpaka jua lizame. Kisha uliza ni nani kati yao alipiga kura tarehe 20 Desemba 2023, uone wanavyotazama chini.

Na kadi wanazo! Hapa ndipo naomba unisamehe nikizidi kusema. Katika nchi ambayo raia wengi hawajawahi kushika kitambulisho cha taifa, kadi ya mchaguzi ndiyo kitambulisho chenyewe. Mama muuza unga huionyesha kwenye kizuizi cha barabarani, kijana huipeleka akitaka laini ya simu. Wino wa kadi za 2023 ulipoanza kufutika, watu walikimbilia nakala kwa sababu mtu bila kadi ni mtu bila jina. Kwa hiyo, Baba, unapoona walioandikishwa ni wengi, usidhani wote wamejiandaa kuchagua. Wengi wamejiandaa kuulizwa na polisi.

Mji huu unajua uzito wa kura. Mei 1960, katika uchaguzi wa Bunge la Katanga, chama cha Conakat cha Moïse Tshombe kilipata viti 25 kati ya 60; muungano wa chama cha Balubakat cha Jason Sendwe ulipata 23. Tofauti ya viti viwili tu! Tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kujitenga kwa Katanga, na kaskazini ya Katanga ikaingia katika vita ambavyo wazee wetu hawapendi kuvisimulia usiku. Mwaka 1970 tukapewa karatasi ya kijani ya ndiyo na nyekundu ya hapana, mgombea mmoja, mbele ya macho ya watu. Vituo vilijaa siku hiyo. Ndiyo maana siombi vituo vijae kwa namna yoyote ile.

Tarehe 30 Julai 2006 nilipanga mstari kabla ya mapambazuko. Mbele yangu alikuwapo bibi aliyebebwa mgongoni na mjukuu wake. Katanga nzima ilikuwa upande wa Joseph Kabila, na wale wachache wasiomtaka walipanga mstari uleule bila woga. Mwaka 2023 chama cha Kabila kiliwaambia wafuasi wasijiandikishe, wala hakikusimamisha wagombea. Mtu aliyekichagua tangu mwanzo hakuliona jina la chama hicho kwenye mashini ya kupigia kura. Wengine walikaa nyumbani kwa sababu ya kumbukumbu ya 2018, walipopewa matokeo ya jumla bila kuonyeshwa ya kila kituo. Nawe mwenyewe, Januari 2024, ulifuta kura za wagombea 82 kwa sababu ya udanganyifu. Nakushukuru kwa hilo kwa moyo wote. Lakini jirani yangu aliniuliza kura ya mtu mwaminifu aliyemchagua mmoja wa hao 82 imekwenda wapi, nami sikuwa na jibu.

Ninayoomba ni machache. Kabla ya kuandikisha watu kwa ajili ya 2028, tuma wajumbe Kamina wakae na wenye kadi ambao hawakupiga kura, wawasikilize kwa Kiswahili na Kiluba, bila kamera na bila kuandika majina. Matokeo ya kila kituo yasomwe kwa sauti mbele ya watu, pamoja na hesabu ya wasiofika. Na tafadhali, Mheshimiwa, uwezeshe uchaguzi ufike mpaka kwa meya. Mwaka 2023 tulichagua madiwani wa komini, na watu wakauliza: basi meya naye lini? Barabara ya soko iko mikononi mwa meya. Mtu huamka mapema kwa ajili ya barabara anayopita kila siku.

Bibi wa 2006 ameshafariki. Mjukuu aliyembeba ana watoto sasa, ana kadi, na Desemba ile hakutoka nyumbani. Wajumbe wako wakija, nitawapeleka kwake kwanza.

Napiga makofi tena, Baba, na kungoja.

Mstaafu wa reli,
Kamina, Haut-Lomami