Mstaafu, Mashine na Meza

Mashine za kuchomelea za siku hizi, zile za inveta, zina mkanda wa kuvaa begani na huchomekwa kwenye soketi ya ukutani. Ndiyo maana wastaafu kadhaa wa Dar es Salaam wamejipandisha cheo kuwa mafundi. Mmoja wao, mkazi wa Tabata, alinunua ya kwake bila kuwaza kwamba chuma kinachochomelewa lazima kilale juu ya kitu.

Alianza na sakafu. Simenti, hata ikiwa kavu machoni, huficha unyevu. Ikipata joto la ghafla, unyevu hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kupitia hupasua. Kipande cha sakafu kilimrukia mguuni, naye akarukia jikoni.

Huko jikoni akaiona meza ya mbao. Meza ilipokea kila kitu: cheche, joto na hatimaye moto. Mkewe aliuzima kwa mchanga wa ujenzi, kimya kimya, na kile kimya kilimtisha mzee kuliko moto wenyewe.

Basi iwe ya chuma. Nyuma ya nyumba palikuwa na mabomba ya maji yaliyopakwa zinki, akaona miguu imepatikana bure. Sasa, zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, ilhali chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi. Kabla bomba halijaanza kuyeyuka, zinki yote imeshakuwa moshi mweupe. Usiku baada ya kuyachomelea, mzee alitetemeka, akatoka jasho, na asubuhi akaenda kupima malaria. Hakuna. Homa ya moshi wa zinki huja saa chache baada ya kazi, huondoka baada ya siku moja au mbili, na haionekani kwenye kipimo cha malaria.

Alipopona akashuka Gerezani kununua chuma.

“Nipe bati la geji kubwa kabisa,” aliagiza.

“Mzee, hilo utaezekea choo,” muuzaji akamjibu. Kwenye geji, namba ikipanda unene hushuka: geji 30 ni bati la paa, geji 16 ni milimita moja na nusu hivi.

Mzee akahamia upande wa pili, akataka pleti ya milimita 10, nzima, futi nne kwa nane. Pleti hiyo ina zaidi ya kilo 230. Dereva wa guta aliinua kona moja, akaishusha, akarudi kivulini.

Walikubaliana nusu pleti ya milimita sita, kilo 70 hivi. Ya milimita tatu ingekuwa nafuu, ila hupinda ikipata joto, na kazi iliyonyooshwa juu ya meza iliyopinda nayo hutoka imepinda. Fremu ikawa ya engo, miguu ya skwea paipu isiyo na zinki.

Uzuri wa meza ya chuma ni kwamba ukibana waya wa ethi pembeni, meza nzima inapitisha umeme. Ubaya wake ni huohuo. Kazi ya kwanza ya mzee, kigoda cha mama mkwe, imeshikana na meza kwa miguu yote mitatu. Grenda iko kwa jirani aliyesafiri kwenda Tanga, na mama mkwe anafika Jumapili.